Bajeti, bunge, mahakama, barabara au chama: njia ipi ya kudai usawa Kenya inafaa jambo lenu?

Kikundi cha wakazi kikikaa kuzungumzia maji yasiyofika mtaani, zahanati isiyo na dawa au mishahara inayotofautiana kwa kazi ile ile, hoja huishia haraka kwenye mambo mawili: twende kortini ama tuingie barabarani. Hizo ndizo njia zinazoonekana kwenye habari za saa moja. Zipo nyingine tatu zinazofanya kazi bila kelele: bajeti ya kaunti, ombi bungeni na chama cha wafanyakazi. Zote tano zina mizizi kwenye Katiba ya 2010, lakini hazilingani kwa muda, gharama wala hatari, na hazitoi kitu kimoja. Dai zuri hufa mikononi mwa watu wenye bidii kwa sababu walichagua njia kabla ya kujua kitu wanachokitaka kimeshikwa na nani.

Nani amekishika?

Jedwali la Nne la Katiba ndilo la kusoma kabla ya lolote. Kaunti imepewa hospitali za kaunti na zahanati, maji na usafi, masoko, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali ya kitaifa imebaki na shule za msingi na za sekondari, hospitali za rufaa za kitaifa, polisi na kanuni za jumla za upangaji wa ardhi. Kikundi kinachompelekea gavana dai la madarasa ya shule ya msingi kitasikilizwa kwa heshima na kurudi mikono mitupu, maana kaunti haina fungu la kazi hiyo. Mwaka mzima unaweza kupotea hapo.

Jambo la pili ni karatasi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba nyaraka kutoka ofisi ya umma kwa Kiswahili au Kiingereza. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu linatakiwa ndani ya saa 48. Kuomba hakulipiwi, kinacholipiwa ni kurudufu. Ofisi ikikataa, au ikinyamaza mpaka muda upite, mna siku 30 za kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala. Andikeni mnachotaka kwa jina: "orodha ya miradi ya maji katika wadi yetu, mwanakandarasi wa kila mradi, kiasi kilicholipwa na tarehe." Barua inayoomba "taarifa zote kuhusu maji" humpa karani sababu ya kuchelewa.

Bajeti ya kaunti: ya polepole, rahisi, na inayopuuzwa kupita kiasi

Tukilinganisha kwa kigezo cha shilingi na mabomba, hii ndiyo njia inayotoa zaidi. Nyingine zinaweza kumlazimisha mtu kuamua. Hii ndiyo inayoandika kiasi cha pesa mbele ya jina la mradi wenu. Shida yake ni kalenda, na kalenda hiyo ndiyo inayowaangusha watu.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ule watu wa kaunti wanaouita ADP, unatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani miezi 10 kabla ya shilingi ya kwanza kutumika. Waraka wa mkakati wa fedha, CFSP, hufika kabla ya tarehe 28 Februari, na huo ndio unaoweka kikomo cha pesa kwa kila idara. Wawakilishi wadi wana siku 14 tu za kuushughulikia. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika kufikia tarehe 30 Aprili, na kufikia tarehe 30 Juni yawe yamepitishwa.

Watu wengi huja Mei, kwa sababu ndipo matangazo ya vikao vya umma yanapotoka kwa wingi. Mei ni kuchelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 hairuhusu bunge la kaunti kuongeza pesa mahali pamoja bila kupunguza kiasi hicho hicho mahali pengine. Mwakilishi wenu akisimama Mei kuwaombea kisima, inabidi amnyang'anye mwenzake barabara, na mwenzake hatakubali. Julai na Agosti, mpango unapoandikwa, hakuna wa kunyang'anywa. Mkikosa hapo, Januari na mwanzo wa Februari bado mnaweza kupigania kikomo cha idara ya maji au afya.

Memoranda, yaani maoni yenu ya maandishi kuhusu bajeti, isizidi kurasa mbili. Iwe na jina la mradi, mahali hasa, wadi, idadi ya kaya zitakazohudumiwa, makisio ya gharama, na fungu ambalo pesa zinaweza kutoka. Pelekeni nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti na mbili kwa idara ya fedha na mipango, na kila mahali mrudi na nakala moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo una tarehe. Mkifika mahakamani baadaye kulalamika kwamba umma haukusikilizwa, hiyo ndiyo karatasi hakimu au jaji atakayoiangalia. Kujiandikisha kwenye daftari la mahudhurio hakutoshi, kwa sababu daftari huonyesha tu kwamba mlikuwepo.

Kisha someni jinsi mradi ulivyoandikwa. Tuseme makadirio yana mstari unaosema "uchimbaji wa visima, wadi mbalimbali." Mstari huo hauna mwenyewe. Visima vyote vinaweza kuchimbwa upande mmoja wa kaunti na hesabu zikawa sawa kwenye karatasi. Mnachotaka ni mstari wenye jina la kijiji, jina la wadi, kazi inayofanywa (kisima, pampu, tangi la lita 10,000, vioski vinne) na kiasi chake peke yake. Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti ndiyo ya kushawishiwa kuubadilisha.

Hata mstari wenye jina hukwama, na sababu ni zile zile. Bajeti ya ziada katikati ya mwaka huuondoa bila wakazi kujua. Pesa za kutoka Hazina huchelewa hadi mwaka unaisha. Malipo hutangulizwa kwa madeni ya zamani ya wanakandarasi. Nyingine mnaweza kuizuia wenyewe: ardhi. Kisima kilichopangwa kwenye shamba la mtu binafsi bila makubaliano ya maandishi hukwama siku mtambo unapofika, au mbaya zaidi, huchimbwa kisha mwenye shamba akafunga geti. Hati ya ardhi ya umma, au makubaliano yaliyotiwa sahihi, itangulie memoranda.

Ufuatiliaji hufanywa kwa ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zinazotoka kila robo mwaka. Sheria inazitaka kaunti zitumie angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo katika muda wa kati. Ripoti huonyesha kaunti yenu imetumia kiasi gani hasa, na hoja ya namna hiyo kwenye kikao ni ngumu kuijibu kwa maneno matupu.

Ombi bungeni: pale sheria yenyewe ndiyo mbovu

Kama tatizo ni kifungu cha sheria, au tume ya taifa isiyotimiza kazi yake, bajeti haitawasaidia. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Kwa mambo ya kaunti, haki kama hiyo imo kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Gharama ni ndogo sana, lakini umbo la ombi linakaguliwa kwa makini, na maombi mengi hurudishwa hapo hapo. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa chapa, bila kufutafuta wala kuongeza maneno katikati ya mistari. Lielekezwe kwa Bunge husika, na kama lina kurasa zaidi ya moja, mada ionekane kwenye kila ukurasa. Lieleze juhudi mlizofanya kwanza kwenye ofisi inayohusika na jibu mlilopata. Lieleze kama suala liko mahakamani au la. Limalizike kwa maombi mahususi, yenye heshima. Majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au alama za kidole gumba zifuate. Barua na viapo havibandikwi kwenye ombi. Ushahidi mtautoa mbele ya kamati mkiitwa.

Udhaifu wake uwe wazi kwenu tangu mwanzo: kamati huandika ripoti yenye mapendekezo, na wizara inaweza kuyaacha yalale. Ukilinganisha na mahakama, hapa hamna amri. Ukilinganisha na barabara, hapa hakuna anayeumia, na mnaweka rekodi kwamba mlipita mlango wa kwanza. Rekodi hiyo ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kama tutakavyoona.

Mahakama: hodari wa kuzuia, mzito wa kujenga

Kifungu cha 43 kinataja afya, nyumba, chakula, maji, hifadhi ya jamii na elimu kama haki, na Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu kwa niaba yake, ya kikundi au ya umma. Hakuna ada ya kuanzisha kesi ya namna hiyo, na hata barua ya kawaida inaweza kupokelewa. Serikali ikidai haina pesa, Kifungu cha 20(5) kinaitwika yenyewe mzigo wa kuthibitisha. Kifungu hicho hicho lakini kinamkataza jaji kuvuruga mgao wa rasilimali kwa sababu tu yeye angegawa vingine. Hapo ndipo mpaka ulipo.

Kesi mbili zinaonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2009 watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walipinga vifungu vya Sheria dhidi ya Bidhaa Ghushi ya 2008 vilivyoweza kuzifanya dawa za bei nafuu zihesabiwe kuwa bandia. Utekelezaji wa vifungu hivyo ulisimamishwa kwa muda mwaka 2010, na tarehe 20 Aprili 2012 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vinakiuka haki zao. Walitaka kitu kizuiwe, kikazuiwa.

Wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, walifika kortini mwaka 2011 baada ya ilani fupi ya kuwataka wahame. Nyumba zao zilibomolewa Novemba mwaka huo licha ya amri ya mahakama. Walishinda Mahakama Kuu mwaka 2013, wakashindwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake tarehe 11 Januari 2021. Uamuzi huo, wa kesi iitwayo Mitu-Bell, ni ngao ya kila mtu leo: unaruhusu mahakama kutoa amri na kuendelea kusimamia utekelezaji wake hatua kwa hatua. Kwa wakazi wenyewe, ilikuwa miaka kumi, na suala la nafuu wanayostahili likarudishwa Mahakama Kuu. Inauma, na inapaswa kuwa kwenye hesabu ya kila kikundi kinachofikiria kwenda kortini kudai kitu kipya badala ya kuzuia kitu kinachokuja.

Kesi za haki huanguka kwa sababu zinazojirudia. Ya kwanza ni ujumla. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, mlalamishi anatakiwa kutaja kifungu kilichovunjwa, kimevunjwaje, na yeye ameumiaje. "Haki zetu zimekanyagwa" haitoshi. Tajeni kifungu, tukio, tarehe, jina la ofisi. Ya pili ni kuruka ngazi: sheria ikiweka tume au baraza la kusikiliza malalamiko ya aina hiyo, jaji atawarudisha huko kwanza. Hapa ndipo barua zenu zenye muhuri na jibu la ombi la bunge zinapookoa kesi. Ya tatu ni amri isiyofikishwa. Mkipata amri ya muda, ipelekeni siku hiyo hiyo kwa kila aliyetajwa, mchukue sahihi yake, na aliyeipeleka aape hati ya kiapo. Bila hivyo hamtaweza kumshtaki mtu kwa kudharau mahakama.

Gharama halisi ni wakili, nakala, nauli na miaka. Kwenye kesi za maslahi ya umma majaji mara nyingi huamuru kila upande ubebe gharama zake, lakini si sheria ya lazima, na kikundi kisiingie kikidhani kimekingwa.

Barabara: nguvu ya kusimamisha, na bei yake

Kifungu cha 37 kinalinda mkutano, maandamano na migomo ya amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mpe taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Taarifa iwe na jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia mtakayopita. Muda ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Ni taarifa, wala si ombi la kibali. OCS anaweza kuwaambia hapana kwa sababu kwamba mtu mwingine ametangulia kutoa taarifa ya mahali na saa hiyo hiyo. Rudini na nakala yenye muhuri. Akikataa kupiga muhuri, andikeni saa, jina lake na mashahidi wawili.

Hakuna njia yenye kasi kama hii. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa umeshapitishwa na Bunge tarehe 25 Juni, na siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia sahihi. Mahakama isingefanya hivyo kwa siku moja. Makumi ya vijana waliuawa katika wiki hizo za maandamano, na hakuna jedwali la ulinganisho linaloweza kuweka hilo kwenye safu ya gharama. Tena Desemba mwaka huo baadhi ya mapendekezo ya mswada ule yalirudi ndani ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru, wakati barabara zilikuwa zimetulia. Maandamano husimamisha kitu. Kuandika kilichobaki ni kazi ya watu watakaokaa kwenye vikao vya kamati miezi sita baadaye.

Mkiamua kwenda, kila mtu awe na nambari ya wakili imeandikwa mkononi, si kwenye simu, maana simu huchukuliwa. Aliyekamatwa ana haki ya kuzungumza na wakili na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Dai liwe moja, kwenye karatasi moja, na mjue jina la afisa atakayelipokea.

Chama cha wafanyakazi

Kwa tofauti za mishahara, hii inazipita nyingine zote, kwa sababu inamweka mwajiri mezani kila baada ya mkataba kuisha. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimu mwajiri kutambua chama kilichosajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Hesabuni kwa fomu zilizotiwa sahihi. Ahadi za mdomo hazihesabiwi. Mvutano ukiripotiwa wizarani, msuluhishi ana siku 30, na ukishindikana mgomo unahitaji ilani ya maandishi ya siku 7. Kwenye huduma muhimu, mgomo umezuiwa kisheria.

Kosa ghali kuliko yote hapa ni mkataba wa pamoja usiosajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Usiposajiliwa hauwezi kutekelezwa kwa nguvu ya sheria. Madaktari wa hospitali za umma walitia sahihi mkataba mwaka 2013, haukusajiliwa, na kufikia Desemba 2016 walikuwa kwenye mgomo uliodumu siku 100.

Mkiwa watatu au wanne tu, chama hakitatambuliwa haraka, lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na mfanyakazi mmoja anaweza kudai. Muda wa kudai ni miaka 3, na kwa dhuluma inayoendelea ni miezi 12 tangu ilipokoma.

Kuchagua, kwa mifano

Mtaa hauna maji na hakuna anayewafukuza: bajeti, kuanzia Julai, pamoja na ombi la habari sasa hivi ili mjue mtaa wa pili ulitengewa kiasi gani. Kesi ya Kifungu cha 43 ibaki nyuma, itumike kama miaka miwili ya memoranda zenye muhuri imepita bila mstari wala jibu. Kwa wakati huo faili lenu litakuwa limeshajiandika.

Kaunti imepitisha ada mpya inayowaumiza wachuuzi bila kikao cha umma: mahakama kwanza, kwa amri ya muda, kwa sababu hapa mnazuia. Sambamba na hiyo, ombi kwa bunge la kaunti lifute sheria hiyo, mradi ombi litaje kwamba kesi ipo. Spika anaweza kuliweka kando mpaka kesi iishe, kwa hiyo wenye haraka wachague moja, na hapo tungechagua mahakama.

Wahudumu wa usafi wanalipwa pungufu kuliko wenzao wa kandarasi nyingine kwa kazi ile ile: chama, fomu za uanachama kwanza, na mtu mmoja mwenye hati zote za mishahara afungue dai la malipo sawa kabla miaka 3 haijafika.

Na ikiwa karatasi iliyobandikwa ukutani inasema mmepewa siku 7 kuhama, msipoteze siku hata moja kwenye kikao cha kuchagua. Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya 2016, inataka ilani ya kuondoa watu iwe ya angalau miezi 3. Pigeni picha ilani ikiwa bado ukutani, ionekane tarehe na sahihi, orodhesheni kaya na watoto wa shule, na asubuhi inayofuata muwe kwenye masjala ya Mahakama Kuu mkiomba amri ya muda. Amri ikitoka, nakala moja iende kwa aliyetoa ilani, nyingine kwa OCS, na ya tatu ibandikwe pale pale ilani ilipokuwa.